Roglaiki kwenye duka la Steam: ukurasa unaovuta na ukurasa unaofukuza

Andika Roguelike, yaani roglaiki kwa Kiingereza, kwenye kisanduku cha kutafutia cha Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na maelfu ya gemu zitajipanga mbele yako. Nyingi zinajinadi kwa maneno yaleyale: ramani hujiunda upya kila raundi, ukifa unaanza mwanzo, silaha ni mamia, hakuna raundi mbili zinazofanana. Yote yanaweza kuwa kweli, lakini hayauzi. Mteja aliyezoea gemu hizi anayajua kabla hajafungua ukurasa. Ni kama mgahawa kutangaza kwamba chakula chake kina chumvi. Anachotaka kujua ni mambo mawili: gemu hii ni ya ukoo gani hasa, na ni kitu gani ndani yake ambacho hajakifanya kwenye nyingine alizonazo. Lebo, kapsuli, trela, picha na maelezo, vyote vipo kujibu hayo mawili.

Ukoo una historia, na historia hiyo ndiyo inayoleta vurugu dukani. Rogue ilitengenezwa mwaka 1980 na Michael Toy na Glenn Wichman. Shujaa alikuwa alama ya @, kuta na mazimwi vilikuwa herufi, kila mtu alisogea kwa zamu, na ukifa mchezo uliohifadhiwa ulifutwa. NetHack ya mwaka 1987 ilifuata njia hiyo. Mwaka 2008, kwenye mkutano wa watengenezaji uliofanyika Berlin, viliandikwa vigezo vya kutambua roglaiki: zamu, miraba, kifo cha kudumu, ramani za kubahatisha na kadhalika. Mwaka huohuo Spelunky ilichukua kifo na ramani za kubahatisha ikavipeleka kwenye gemu ya kurukaruka, ambako hakuna anayengoja zamu ya mtu. The Binding of Isaac ikafuata mwaka 2011, FTL mwaka 2012, na Slay the Spire ikaingiza karata ilipoanza kuuzwa Novemba 2017 kabla ya toleo kamili la Januari 2019.

Ndiyo maana leo wateja wawili wasiofanana wanaandika neno moja. Mmoja anatafuta ndugu wa Caves of Qud, gemu ya zamu iliyokaa kwenye Early Access, yaani kuuzwa ikiwa bado inajengwa, tangu 2015 hadi Desemba 2024. Mwingine anatafuta kitu cha vidole vyepesi kama Hades, au cha kukwepa maadui wanaomiminika kama Vampire Survivors. Wa kwanza akinunua gemu ambamo kila kifo kinamwongezea nguvu za kudumu, ataona ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Wa pili akinunua gemu ya zamu ambamo kifo hakiachi chochote, ataona ameibiwa saa zake. Wote wawili wana haki ya kurudishiwa pesa, kwa sababu Steam hurudisha ndani ya siku 14 ikiwa mnunuzi hajacheza zaidi ya saa mbili. Wengine hawarudishi, wanaandika tathmini mbaya, na hiyo huumiza kwa muda mrefu zaidi.

Lebo

Steam imeshatenga majina ya matawi ya ukoo huu: Traditional Roguelike kwa wa zamu na miraba, Action Roguelike, Roguelike Deckbuilder kwa wa karata, Roguelite kwa wale ambao kifo hakifuti kila kitu, Roguevania kwa waliochanganya na ramani za kuchunguza na kurudi ulikotoka. Unaruhusiwa lebo hadi 20, na mpangilio wake una maana, kwa kuwa zilizo juu ndizo zenye uzito zaidi na ndizo mgeni anazoziona bila kufungua orodha nzima. Lebo mahususi itangulie ile pana. Indie, Action na Adventure zisichukue nafasi za mbele. Hazimwambii mtu kitu, na mashine ya duka haipati jirani wa kukupanga naye.

Namna ya kuzichagua ni rahisi. Tafuta gemu tano ambazo wanunuzi wake ungewataka wawe wako. Zisiwe zile kubwa tu zinazojulikana na kila mtu. Tatu kati yake ziwe za kiwango chako. Andika lebo nane za kwanza za kila moja. Zinazojirudia kwenye tatu au zaidi, na ambazo ni kweli kwa gemu yako, ziweke juu. Siku chache baada ya ukurasa kufunguliwa, angalia sehemu ya gemu zinazofanana chini ya ukurasa wako mwenyewe. Ukikuta gemu za mbio za magari au za kulima mashamba, lebo zako zimepotea njia. Rekebisha, ngoja, angalia tena. Wachezaji nao hubandika lebo zao, kwa hiyo kazi hii haifanywi mara moja ikaisha.

Lebo zinaamua pia unakaribishwa kwenye sherehe zipi. Steam huandaa wiki za mada, kama Endless Replayability Fest ya Mei 2024, iliyohusu gemu za kurudiwa bila kikomo, na mara nyingi mfumo hupima sifa za kushiriki kwa kutazama lebo.

Kapsuli

Kapsuli ni ile picha yenye jina la gemu inayotangulia kuonekana kila mahali dukani. Vipimo vinavyohitajika sasa ni pikseli 920 kwa 430 kwa ya kichwa cha ukurasa, 462 kwa 174 kwa ndogo, 1232 kwa 706 kwa kuu, na 748 kwa 896 kwa ya wima. Watu hutumia nguvu zote kwenye kuu, kisha wanaikata ili itoke ndogo. Fanya kinyume. Ndogo ndiyo inayoonekana kwenye matokeo ya utafutaji na orodha, na Steam huipunguza zaidi, hadi pikseli 120 kwa 45. Ipunguze kwa kipimo hicho kwenye kompyuta yako, iweke katikati ya kapsuli ishirini za gemu nyingine, kisha mwombe mtu asiyeijua asome jina. Akishindwa, jina linahitaji herufi nene zaidi na picha inahitaji vitu vichache zaidi. Kwenye kapsuli ndogo kabisa, jina peke yake likijaza karibu eneo lote si kosa.

Makosa ya ukoo huu yanajulikana. Shujaa mweusi, upanga mweusi, shimo jeusi nyuma yake, na jina kwa herufi za kale zenye mikia. Kosa jingine ni kukata kipande cha mchezo wenyewe, pikseli zikapanuliwa hadi picha ionekane imevunjika. Gemu yako inaweza kuwa ya pikseli tupu na bado kapsuli ikachorwa na msanii. Wanunuzi hawaoni hilo kuwa udanganyifu, mradi rangi na hali zifanane na za ndani. Mchoro wa namna hii kwa kawaida hugharimu mamia kadhaa ya dola, na kama bajeti ni ya kulipia kitu kimoja tu cha matangazo, ningelipia hiki.

Tangu Septemba 2022 Steam imekataza kuweka kwenye kapsuli alama za wahakiki, tuzo, au maneno ya punguzo. Jina, kichwa kidogo rasmi, na mchoro, basi. Ukitaka kutangaza sasisho kubwa, kuna kapsuli ya muda unayoiweka juu ya ile ya kawaida kwa kipindi kisichozidi mwezi mmoja.

Trela na picha

Trela inaanza kujicheza mgeni akifika, na wengi wanaitazama bila sauti. Nembo ya studio, ramani ya ufalme ulioanguka, sauti nzito ikisimulia unabii: vyote hivyo vinakula sekunde ambazo mgeni anaamua kuondoka. Tuseme gemu inamhusu mhunzi anayeshuka mgodini, na kila silaha anayotengeneza huvunjika kwa pigo la tatu, kisha vipande vyake vinageuka kuwa ngao. Sekunde tano za kwanza zionyeshe hilo tu: pigo, pigo, pigo, chuma kinapasuka, vipande vinarudi mwilini. Sekunde kumi na tano zinazofuata, silaha tatu tofauti zinavunjika kwa namna tatu tofauti. Kisha onyesha raundi mbili zilizoanza chumba kimoja zikaishia mahali pasipofanana, moja mhunzi akiwa mzito kama ukuta, nyingine akiwa hana ngao kabisa ila anaua kwa pigo moja. Hapo ndipo mtu anaamini kwamba raundi hazifanani. Kumwandikia tu hakusaidii. Onyesha pia kifo, na jinsi raundi mpya inavyoanza papo hapo. Dakika moja inatosha.

Usifiche vidirisha vya mchezo. Kwenye gemu nyingine watengenezaji huvizima ili picha ipendeze. Kwa roglaiki, namba za uhai, mkono wa karata, orodha ya vifaa na mishale ya nia ya adui ndiyo gemu yenyewe. Mchezaji mzoefu husimamisha trela ili asome maelezo ya kifaa kimoja. Akikuta maelezo yanayomfanya aanze kupiga hesabu kichwani, umempata.

Picha za skrini ziwe tano au zaidi, za pikseli 1920 kwa 1080. Kuna jambo moja dogo linalowaponyoka wengi: ukipakia picha unatakiwa kuweka alama zipi zinafaa kwa watu wa umri wote, na angalau nne ziwe na alama hiyo. Ndizo zinazotumika mtu akipitisha kipanya juu ya kapsuli, na kwenye ukurasa wa mbele wa duka. Gemu ya damu nyingi isiyo na picha hizo inapoteza nafasi hiyo kimyakimya.

Za kwanza nne zigawane kazi. Moja ya pambano lenye hatari halisi. Moja ya skrini ya kuchagua, ambapo vitu vitatu vimewekwa mezani na unachukua kimoja. Moja ya mchanganyiko uliopitiliza, namba zikiwa zimepanda kusikoaminika. Na moja ya ramani ya safari. Kila moja itoke sehemu yenye rangi tofauti. Ukurasa wenye picha kumi za ghorofa ya kwanza na silaha ya kuanzia humwambia mteja kwamba gemu ina ghorofa moja, hata kama zipo kumi na mbili.

Maneno

Maelezo mafupi yana nafasi ya herufi 300 hivi, na ndiyo maandishi pekee ambayo wageni wengi watayasoma. Hivi ndivyo yanavyoandikwa mara nyingi:

“Roglaiki yenye changamoto, ramani zinazojiunda zenyewe, silaha zaidi ya 200 na maadui wengi. Je, utafika chini ya mgodi?”

Ondoa jina la gemu na maelezo hayo yanafaa gemu elfu. Swali la mwisho halijibiki na halivutii. Sasa:

“Kila silaha huvunjika kwa pigo la tatu, na vipande vyake ndivyo ngao yako. Shuka mgodi wa ghorofa 12 kwa zamu, ukiamua kipi kivunjike sasa na kipi ukitunze kwa ajili ya mlinzi wa chini. Ukifa, hakuna kinachobaki.”

Toleo la pili halijataja roglaiki popote, lakini mwenye ukoo ameshaelewa: zamu, kifo cha kweli, na uamuzi atakaokuwa akiufanya kila dakika. Sentensi ya mwisho inamfukuza anayependa nguvu za kudumu, na ni vizuri aondoke sasa kuliko baada ya kulipa.

Maelezo marefu yawe na picha fupi zinazosogea, kila moja ikibeba wazo moja na mistari miwili ya maandishi chini yake. Zisiwe nzito, mgeni mwenye mtandao wa polepole ataona visanduku vitupu. Hadithi ya ulimwengu wa gemu ikae mwisho, au isiwepo.

Lugha ni uamuzi wa fedha. Steam yenyewe haina Kiswahili kwenye menyu zake, na mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam huona bei kwa dola, kwa hiyo hata msanidi wa Afrika Mashariki anauza nje tangu siku ya kwanza. Kiingereza na Kichina kilichorahisishwa ndizo lugha mbili kubwa zaidi kwenye jukwaa hilo. Kutafsiri ukurasa ni kazi ya maneno mia chache; kutafsiri roglaiki yenye vifaa 200, kila kimoja na masharti yake, ni kazi ya maelfu ya maneno, na sentensi zinazoungwa vipandevipande na programu huvunjika zikiingia lugha nyingine. Tafsiri ukurasa kwanza, angalia nchi zipi zinaongeza gemu kwenye orodha za matakwa, yaani gemu ambazo mtu ameziwekea alama ili azinunue baadaye, kisha amua. Ila kwenye jedwali la lugha usiweke tiki kwa lugha ambayo ndani ya gemu haipo.

Kwa wanaouza kutoka Kenya au Tanzania kuna hesabu nyingine ya kuifanya mapema. Nchi hizo hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo asilimia 30 ya mapato yako ya mauzo ya Marekani hukatwa kabla pesa haijakufikia, juu ya asilimia 30 ya kawaida ambayo Valve, kampuni yenye Steam, huchukua kwenye kila mauzo.

Ratiba, demo na bei

Kufungua nafasi ya gemu kunagharimu dola 100, ambazo hurudishwa gemu ikishaingiza dola 1,000. Kuna siku 30 za kungoja tangu kulipa hadi kutoa gemu, na ukurasa wa “inakuja” lazima uwe hewani angalau wiki mbili. Wiki mbili hizo ni sheria tu, usizifanye mpango. Orodha za matakwa hukusanywa kwa miezi. Watengenezaji wengi hukadiria kwamba kuingia kwenye safu ya zinazotarajiwa, inayoonekana ukurasa wa mbele siku chache kabla ya kutoka, kunahitaji orodha 7,000 hadi 10,000. Valve haijatangaza namba.

Steam Next Fest, sherehe ya demo, yaani vipande vya bure vya kujaribu gemu ambazo bado hazijatoka, hufanyika Februari, Juni na Oktoba, na gemu moja hushiriki mara moja tu. Ichague ile ya mwisho kabla ya tarehe yako ya kutoka, na demo iwe imetoka wiki kadhaa nyuma, ili hitilafu zikamatwe na watu mia kabla hazijakutwa na maelfu.

Demo ya roglaiki ina hatari yake: inaweza kuchezwa bila mwisho, mtu akashiba bila kununua. Jibu si kuweka saa ya kuhesabu dakika. Punguza yaliyomo: mhusika mmoja, ghorofa mbili, sehemu ya tano ya vifaa. Demo ya Balatro ilizunguka kwa miezi kabla ya gemu kutoka tarehe 20 Februari 2024, na ukarimu huo haukuizuia kuuza zaidi ya nakala milioni moja ndani ya mwezi. Demo nyingi huharibika mahali pengine: ugumu. Mgeni akifa dakika ya tatu bila kuelewa kilichomuua, hafiki kwenye skrini ya mwisho yenye kitufe cha kuongeza gemu kwenye orodha. Kitufe hicho kiwekwe pia kwenye skrini ya kifo, maana huko ndiko kila mtu anafika.

Saa mbili za kurudisha pesa nazo zinaigusa roglaiki kwa namna ya pekee. Raundi ya dakika 30 inamaanisha mnunuzi anaona raundi nne kabla dirisha halijafungwa. Kile ambacho ukurasa umekiahidi lazima kionekane ndani ya hizo nne. Mhusika mzuri kuliko wote kwenye trela, ambaye hufunguliwa baada ya saa kumi, ni deni usiloweza kulipa kwa wakati.

Bei ipimwe kwa majirani. Vampire Survivors ilianza kwa dola 2.99 Desemba 2021 na kupanda hadi 4.99 ilipokamilika Oktoba 2022. Balatro ilitoka kwa 14.99, Slay the Spire na Hades ziko kwenye 24.99. Punguzo la uzinduzi la asilimia 10 latosha, kwa siku 7 hadi 14. Kumbuka kwamba ukipandisha bei, huruhusiwi kutoa punguzo kwa siku 30, kwa hiyo usiipandishe wiki moja kabla ya mauzo makubwa ya msimu. Na punguzo likifika asilimia 20, Steam huwatumia barua pepe walioiweka gemu kwenye orodha zao. La asilimia 15 halitumi.

Kusoma namba

Ripoti ya trafiki huonyesha mara ngapi kapsuli imeonekana na mara ngapi imebonyezwa. Ikionekana sana na kubonyezwa kidogo, kasoro iko kwenye kapsuli, au lebo zinaipeleka kwa watu wasiohusika. Ikibonyezwa vizuri lakini orodha za matakwa hazipandi, kapsuli imeahidi kitu ambacho trela haikionyeshi. Ikiwa orodha zinapanda na mauzo hayaji, tazama bei na tathmini. Badilisha kitu kimoja kwa wakati na ukipe wiki mbili. Ukibadilisha kapsuli, trela na lebo siku moja, hutajua kipi kilisaidia.

Alama ya tathmini haionekani hadi zifike kumi za watu walionunua kwenye Steam yenyewe. Za waliopewa msimbo wa bure hazihesabiwi. Kuwaomba wachezaji waandike unaruhusiwa. Kuwalipa, au kuwapa kitu ndani ya gemu kwa ajili hiyo, ni marufuku. Zikiwa kati ya asilimia 40 na 69 za kupendeza, gemu hupata tangazo la “Mixed”, yaani maoni mchanganyiko, la rangi ya kahawia, na kwa roglaiki kinachoishusha mara nyingi ni sasisho lililodhoofisha mchanganyiko uliopendwa. Andika sababu ya kila badiliko la namba kwenye tangazo la sasisho, na waachie wasiolitaka tawi la toleo la zamani.

Baada ya kutoka, Steam hukupa raundi tano za kuonyeshwa upya kwa walio na gemu na walioiweka kwenye orodha, kila moja ya hadi siku 30. Usiichome hata moja kwa marekebisho ya hitilafu. Ingoje mhusika mpya, ghorofa mpya, au kundi la vifaa linalobadilisha namna ya kucheza, na ipange siku moja na punguzo la asilimia 20.